Mto Malagarasi Haugawanywi kwa Rula

Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu wa jiografia asimpe mtoto ramani kabla hajamtoa nje ya darasa. Kwanza apande naye kilima, amwonyeshe kijito kinakotoka na kinakoelekea, ndipo warudi ndani wachore. Mtoto anayeanza na ramani huamini kwamba mto ni mstari wa buluu na mpaka wa nchi ni mstari mwekundu, na kwamba mistari hiyo miwili ina nguvu sawa. Nimeishika kanuni hiyo kwa muda wote niliofundisha. Sasa nikiwa mstaafu naona kwamba wako watu wazima, tena wenye shahada, wanaohitaji kurudishwa katika somo hilo. Nawasema wale wanaopanga mabwawa na mifereji ya bonde la Malagarasi.

Ndugu zetu hawa huanza na ramani na humaliza na ramani. Wa umeme huweka rula yake penye maporomoko. Wa kilimo huiweka penye tambarare. Wa wanyamapori huzungushia kinamasi mstari wa kijani. Wa kutunza wakimbizi huweka alama ya hema. Kila mmoja ana mpango mzuri, lakini maji wanayoyapanga ni yale yale. Nitasema waziwazi tangu mwanzo, msomaji asije akachoka kunitafuta nilipo: bwawa au mfereji wowote mkubwa katika bonde hili usipangwe mpaka wote wanaoyategemea maji hayo wawe wamehesabiwa na kuketi pamoja, na sisi wa nyanda za juu za Kasulu na Kibondo tuwe wa kwanza katika hesabu hiyo badala ya kuwa wa mwisho. Sipingi mabwawa. Mtu aliyesahihisha madaftari kwa kibatari hawezi kuupinga umeme. Napinga kugawa mali kabla ya kuwajua wenye mali.

Tutoke nje basi, tuutazame mto wenyewe. Malagarasi huanzia katika milima ya mpakani mwetu na Burundi. Hauendi moja kwa moja Ziwa Tanganyika ingawa ziwa haliko mbali. Huelekea kwanza kaskazini-mashariki, na kwa kilomita 80 hivi mto ndio mpaka wenyewe wa nchi mbili. Kisha huizunguka nchi ya Buha, hushuka kusini hadi katika vinamasi, hupokea maji ya Moyowosi na ya Ugalla, halafu hugeuka magharibi kupita Uvinza, ambako huungana na Ruchugi unaoteremsha maji ya Kasulu, na mwisho huingia ziwani karibu na Ilagala. Safari yote ni kilomita 475 hivi. Bonde lake lina kilomita za mraba zipatazo 130,000, na hakuna mto mwingine unaoingia katika ziwa hilo wenye bonde kubwa kama hilo. Maji yakishafika ziwani, njia yake pekee ya kutokea ni Mto Lukuga, kule Kalemie, unaoyapeleka Mto Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Mtu akiifuata safari hii kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, atapata taabu sana kusema "maji yangu".

Katikati ya safari hiyo kuna kitu ambacho wapangaji wengi hukitazama kama maradhi ya mto, nacho ni kinamasi. Mwaka 2000 serikali yetu iliandikisha eneo la Malagarasi-Muyovozi, lenye hekta zaidi ya milioni tatu, chini ya Mkataba wa Ramsar, likawa eneo la kwanza la Tanzania katika orodha hiyo ya dunia. Wengi wakadhani hizo ni habari za watalii, za ndege na nzohe. La hasha! Kinamasi kile ni bwawa. Masika maji husambaa ndani ya mafunjo, hupunguza mwendo na kuacha tope lake humo; kiangazi huachiliwa kidogo kidogo kwenda chini. Ni bwawa lisilo na saruji, lisilo na mkopo, wala halihitaji mkandarasi. Wahandisi watanijibu kwamba kinamasi hupoteza maji mengi kwa jua, na hilo ni kweli. Lakini hoja hiyo ndiyo iliyowapeleka Sudan na Misri kuchimba mfereji wa Jonglei, ili maji ya Nili Nyeupe yavikwepe vinamasi vya Sudd. Uchimbaji ulianza mwaka 1978. Watu wa vinamasi hawakuwa wameulizwa inavyostahili, vita vikazuka, na kufikia mwaka 1984 kazi ilikuwa imesimama baada ya zaidi ya kilomita 200 kuchimbwa. Mtambo mkubwa wa kuchimbia ukaachwa huko porini ushikwe na kutu. Waliokuwa wamehesabu maji yanayopotea kwa jua walisahau kuwahesabu watu.

Hapa kwetu kinamasi kina maana zaidi kwa sababu ya Igamba. Maporomoko ya Igamba, wilayani Uvinza, yametajwa katika mipango ya umeme kwa miaka mingi. Februari 2008, Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa msaada wa dola milioni 698, na ndani yake mlikuwa na mtambo mdogo wa umeme wa maji wa megawati 8 kwa ajili ya Kigoma. Tukashangilia. Kisha uchunguzi wa mazingira ukakuta kwamba sehemu ile ya mto ina viumbe adimu wa majini, na mpango huo ukaachwa. Vijiweni watu walicheka kwa uchungu, wakasema wadudu wa mtoni wamepewa heshima kuliko sisi. Novemba 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 120 kwa mtambo wa Malagarasi wa megawati 50. Katika miaka yote hiyo Kasulu na Kibondo ziliendelea kuungurumiwa na majenereta ya dizeli, hadi gridi ya taifa ilipotufikia mwaka 2022.

Mimi sikuwacheka wale viumbe. Nililalamikia mpangilio wa kazi. Ahadi ilitangulia na uchunguzi ukafuata, kana kwamba mtu anatoa mahari kwanza halafu anaulizia kama binti yupo. Viumbe wale walikuwamo mtoni kabla ya saini. Kama watu wangetembea ukingoni kwanza, wangejua mapema kama mtambo ubadilishwe umbo, uhamishwe au uachwe, na sisi tungejua mapema kama tusubiri au tutafute njia nyingine. Tena fikiri, msomaji: mtambo wa sasa umekusudiwa kuyatumia maji ya mto kama yanavyokuja, bila ya bwawa kubwa la kuyahifadhi. Basi ni nani atayahifadhi maji ya Masika ili mashine zizunguke Septemba? Ni kinamasi kile kile kinachoonekana maradhi. Anayekikausha kwa mifereji, au anayechepusha mito inayokilisha, anauzima mtambo wa Igamba kabla haujazeeka.

Atakayeniona nakuza mambo na aende Usangu. Bwawa la Mtera lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kukusanya maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme wa Kidatu. Huko juu, katika tambarare za Usangu, mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali na Kapunga yalikuwa yakifunguliwa na dola ile ile, na wakulima wadogo nao wakachimba mifereji yao. Idara moja iliyasubiri maji chini, nyingine ikiyageuza juu. Kuanzia mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto ambao haukuwa na desturi ya kukauka, ulianza kukatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Umeme ulipogawiwa kwa zamu mwaka 2006, ilibidi apatikane mwenye kosa. Wakapatikana wafugaji, wakaondolewa Usangu na ng'ombe wao. Sisemi kwamba ng'ombe hawali majani. Nasema kwamba wafugaji hawakuwamo katika chumba ambamo maji yale yale yaligawiwa mara mbili, lakini walikuwamo katika orodha ya adhabu.

Hapo ndipo ninapowahofia watu wa Kasulu na Kibondo. Nyanda zetu ndizo paa la bonde. Mvua ikinyesha kwetu, mito hujaa kwa wengine. Na mtu wa nyanda za juu anafahamika serikalini kwa sifa moja tu: mharibifu wa vyanzo vya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamkataza kufanya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria yenye hekima, nami huitetea kila ninapopata nafasi. Lakini jaribu kuipima katika mabonde yetu membamba. Mita 60 upande huu na mita 60 upande ule, na bonde lote limekwisha; pamoja nalo zimekwisha bustani za maharage na mboga ambazo ndizo ada na madaftari ya watoto wakati wa kiangazi. Mama huyu anaambiwa aache bonde kwa manufaa ya taifa. Sawa, ameacha. Taifa limempa nini? Ndoo yake bado iko kichwani, anateremka kilima asubuhi na kupanda nayo akirudi.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa kijiji ulioitishwa na wataalamu wa mradi mmoja, ambao sitautaja. Ramani ilibandikwa kwenye shina la mwembe. Kijana mwenye adabu alitueleza kwa fimbo wapi banio litajengwa na wapi mfereji utapita. Bibi mmoja akainuka, akasema, "Mwanangu, katika karatasi yako chemchemi yetu iko wapi?" Kijana akaitafuta kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Bibi, ramani hii inaonyesha mito mikubwa tu." Bibi akajibu, "Basi hamjafika kwetu," akaketi. Tukaandikisha majina yetu katika karatasi ya mahudhurio, tukagawiwa soda, na baadaye nikasikia kwamba wananchi wameshirikishwa kikamilifu.

Kushirikishwa si kuandikwa jina. Katika Buha ya zamani ardhi ilikuwa na mteko, mtu aliyejua nani amepewa wapi na aliyeongoza matambiko ya ardhi ile. Sitaki turudi katika matambiko. Nataka tukumbuke kwamba kabla ya kugawa alikuwapo mtu mwenye wajibu wa kujua. Leo wajibu huo uko katika sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, imepanga foleni: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya kuuacha mto na viumbe vyake viishi, na baada ya hapo ndipo kilimo, viwanda, umeme na mengineyo kadiri maji yanavyoruhusu. Isome tena foleni hiyo, ndugu msomaji. Ndoo ya yule bibi iko mbele ya mashine ya umeme. Sheria ni nzuri. Kinachofanyika ni kwamba aliye wa tatu hufika na gari na wa kwanza huja kwa miguu.

Kuna wengine ambao hesabu huwasahau kabisa, nao ni wageni wetu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea ndugu zetu wa Kongo. Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yalileta watu kwa maelfu, Nyarugusu ikazidi watu 150,000, na Oktoba mwaka huo Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena, ikifuatiwa na Mtendeli ya Kakonko Januari 2016. Mji mzima huhamia katika kilima kwa majuma machache, nao unataka maji ya kunywa leo. Hakuna mpango wa bonde uliokuwa umewaandikia watu hao hata ndoo moja, kwa kuwa wapangaji waliongeza idadi ya watu kwa asilimia kila mwaka kama riba ya benki. Nchi yetu ya mpakani haiongezeki hivyo. Wageni walikuja mwaka 1972, wakaja 1993, wakaja 2015. Mpango wa maji wa Kigoma usioweka akiba kwa ajili ya mwaka wa namna hiyo umeandikwa na mtu asiyeijua Kigoma.

Na wageni hao walitoka wapi? Walitoka upande wa pili wa maji yale yale. Ng'ambo ya mpaka, katika bonde la Moso, wenzetu wa Burundi wana mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari kule Gihofi, na mito ya huko huishia katika Malagarasi. Wana haki ya sukari yao kama sisi tulivyo na haki ya umeme wetu. Lakini ni nani kati yetu amewahi kuwauliza watachota kiasi gani? Na nani amewaambia sisi tunataka kufanya nini? Mei 1997, Umoja wa Mataifa ulipopigia kura mkataba wa mito inayotumiwa na nchi zaidi ya moja, nchi 103 zilikubali na tatu zikakataa. Moja kati ya hizo tatu ilikuwa Burundi. Tanzania haikukataa wala haikukubali, ilijizuia kupiga kura. Kila mmoja alikuwa na woga wake. Hata hivyo, Juni 2003, mjini Dar es Salaam, nchi hizo mbili pamoja na Kongo na Zambia zilitia saini Mkataba wa Ziwa Tanganyika, unaozitaka nchi kuarifiana mapema kuhusu miradi inayoweza kuwaumiza wenzao. Mamlaka ya ziwa ipo, makao yake Bujumbura. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba hakuna mlango wa kubisha. Na sababu ya kubisha ipo: mwaka 2021 na tena 2024 ziwa lilipanda likaingia katika makazi ya watu Bujumbura. Maji hayo hayakuwa na pasipoti.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba mazungumzo ya nchi mbalimbali hayaishi, na kwamba tukimsubiri kila mwenye neno, wajukuu zetu watasoma kwa kibatari. Mfano wa kunitisha upo karibu. Shirika la Bonde la Mto Kagera lilianzishwa mwaka 1977 na Rwanda, Burundi na Tanzania, Uganda ikajiunga mwaka 1981, na mwaka 2004 likavunjwa bila ya kujenga bwawa la Rusumo lililokuwa ndoto yake kubwa. Nakubali, hiyo ni aibu. Lakini hadithi haikuishia hapo. Nchi tatu zilirudi mezani, zikaunda kampuni moja, na leo Rusumo, pale Ngara, jirani kabisa na Kibondo, kuna mtambo wa megawati 80 ambao umeme wake hugawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Kilichochelewesha Rusumo ni vita, ufukara na uzembe. Kilichoijenga ni mazungumzo. Tena waliotunyima umeme wa 2008 si Warundi, wala si wanakijiji wenye maneno mengi. Ulikuwa ni haraka ya kuahidi kitu ambacho hakijachunguzwa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na Igamba wangeweza kuichonga methali hiyo katika jiwe.

Nataka nini, basi? Mwalimu asiyetoa zoezi mwisho wa somo hajafundisha, nami nitatoa manne.

Kwanza, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika itangaze katika kila ofisi ya kata, kwa Kiswahili na si kwa Kiingereza, vibali vyote vya maji vilivyotolewa katika kila mto: nani amepewa, kiasi gani, kwa miaka mingapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari likiwa wazi, hakuna atakayegawa maji mara mbili bila ya kuonekana.

Pili, kila mradi utakaokula maji ya Malagarasi ulete maji ya bomba katika vijiji vya chanzo kabla ya kufunguliwa, usiwaachie ahadi. Anayeacha bonde lake kwa mita 60 alipwe kwa kitu anachoweza kukinywa.

Tatu, kinamasi cha Moyowosi kiandikwe katika mipango ya umeme kwa jina la bwawa, kipimwe kama bwawa, na anayetaka kukipunguza alete hesabu ya hasara kama angetaka kubomoa ukuta wa Mtera.

Nne, kabla ya banio jipya kujengwa upande wetu au wa Moso, wataalamu wa Tanzania na Burundi wautembee pamoja mpaka wa mto, wakiwa na vijana wa pande zote mbili wanaojua vivuko. Kilomita 80 si nyingi kwa watu wenye miguu. Watalala vijijini, watakula ugali na maharage, na watakayoyaona hayatakuwamo katika picha iliyopigwa kutoka angani.

Hayo manne hayahitaji mkopo mkubwa. Yanahitaji watu wakubali kuchelewa kwa mwaka mmoja ili wasichelewe kwa miaka kumi na miwili kama tulivyochelewa sisi baada ya 2008. Na wewe unayesoma haya ukiwa Heru Juu, Kabanga, Kifura au Mabamba, usingoje bodi wala wizara. Siku watakapokuja na ramani na kuibandika kwenye mti, msalimu mgeni, mpe kiti, kisha muulize swali la yule bibi. Kama chemchemi yenu haimo, msitie saini.